Mwarobaini au Mmelia? Mbono Upi? Tujifunze Kutofautisha Miti ya Dawa Yenye Majina Yanayofanana

Maneno haya ni kwa wakulima na wafugaji wa Same, ninyi wa kule juu milimani na ninyi wa huku chini tambarare. Leo tunaweka kando mahindi, maharage na tangawizi, tuzungumzie mimea ya dawa iliyo kwenye mipaka ya mashamba yetu na nyuma ya nyumba zetu.

Nikipita vijijini naulizwa sana, "Bwana shamba, mti huu ni dawa ya nini?" Nami huuliza kwanza, "Hapa mnauitaje?" Shida inaanzia kwenye jibu. Unaweza kukuta nyumba mbili za mtaa mmoja zinataja jina moja, na kila moja inaonyesha mti wake. Au mti ni ule ule, lakini wa juu anauita hivi na wa chini anauita vile.

Ingekuwa ni jina tu tungecheka tukaendelea na kazi. Lakini kwenye dawa, jina halitembei peke yake. Linabeba na matumizi yake: chemsha majani, kunywa kikombe, paka kwenye kidonda, mnyweshe mtoto. Jina likihamia kwenye mti mwingine, maelekezo yote yanahamia nalo, hata kama mti wa pili ni sumu. Ndiyo maana nasema jina ni la watu, alama ni za mmea. Tujifunze alama.

Kwa nini majina yanatuchanganya

Sababu ya kwanza ni kwamba majina mengi ni ya sifa. Mwarobaini umeitwa hivyo kwa sababu watu wanaamini unatibu magonjwa arobaini. Sasa ukitokea mti mwingine wenye majani yanayokaribiana nao na uchungu wa kutosha, watu hawaoni shida kuupa jina hilo hilo.

Sababu ya pili ni wilaya yetu yenyewe. Kutoka tambarare yenye joto mpaka kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, unapita hali za hewa tofauti kabisa ndani ya siku moja. Mimea ya juu siyo ya chini. Na watu nao ni mchanganyiko: kuna Kipare, Kisambaa, Kichaga, Kimasai, na Kiswahili kinachotuunganisha wote. Mti unaweza kuwa na majina manne, na jina moja likawa na miti minne.

Sababu ya tatu ni kwamba baadhi ya majina ya Kiswahili ni mapana mno. Chukua mgunga. Huku tambarare karibu kila mti wa miiba wa jamii ile unaitwa mgunga. Mmasai yeye hachanganyi. Akisema olkiloriti anamaanisha mti mmoja tu, ule ambao magome na mizizi yake huchemshwa na kuwekwa kwenye supu ya nyama ili tumbo lisilemewe. Ukitaka kuujua, angalia tunda lake: ganda limebanwa kati ya mbegu na mbegu, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Maua ni vidonge vya njano, gome ni jeusi lenye mipasuko. Sasa wewe ukitumwa "mizizi ya mgunga" halafu ukachimba mgunga wa kwanza unaokutana nao, hujaleta dawa uliyotumwa.

Mambo matano ya kukagua

Kabla hujachuma chochote, kagua haya:

1. Jani. Ni moja peke yake, au ni mkono wenye vijani vingi? Mkono huo umegawanyika mara moja au mara mbili? Kingo zake zina meno au ni laini?
2. Ua. Rangi gani, na limekaaje kwenye tawi?
3. Tunda na mbegu. Mviringo au refu? Lina miiba? Ndani kuna mbegu ngapi?
4. Utomvu na harufu. Kata kidogo uone maji yanayotoka ni ya rangi gani, kisha sugua jani unuse.
5. Mahali na maisha yake. Unapenda joto au baridi? Unadumu miaka, au unakufa ukishatoa mbegu?

Kuonja hakumo kwenye orodha hii. Watu wengi wana tabia ya kutafuna jani ili "wasikie uchungu". Uchungu hauthibitishi kitu, kwa kuwa dawa ni chungu na sumu ni chungu. Na baada ya kushika utomvu wa mmea usioujua, nawa mikono kabla hujajigusa macho.

Sasa tuingie kwenye mimea yenyewe. Nimechagua makundi manne ambayo makosa yake yana gharama.

1. Mwarobaini na mmelia

Mwarobaini wenyewe, kwa jina la kitaalamu Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Pwani wengine wanauita mkilifi. Mmelia, au Melia azedarach, nao ulitoka Asia, ukapandwa sana kwa kivuli, kuni na mbao. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ndiyo maana wanafanana, na ndiyo maana wapo watu wanaouita mmelia mwarobaini bila wasiwasi.

Angalia jani. La mwarobaini limegawanyika mara moja tu: kuna uti mmoja, na vijani vimepangwa pande zake mbili. Kila kijani kimepinda kama mundu na kina meno pembeni. La mmelia limegawanyika mara mbili: kutoka kwenye uti mkuu yanatoka matawi madogo, na vijani vinakaa kwenye hayo matawi. Ukiona matawi ndani ya jani, huo si mwarobaini.

Angalia ua. La mwarobaini ni jeupe au la maziwa. La mmelia ni la zambarau hafifu, na katikati lina kijibomba cha zambarau iliyokolea. Huhitaji utaalamu wowote hapo.

Angalia tunda. La mwarobaini ni la umbo la yai, dogo, likiiva ni la njano na laini, na kwa kawaida ndani lina mbegu moja. La mmelia ni la mviringo, na hubaki limening'inia kwenye mti hata majani yakishapukutika yote. Kokwa yake ni ngumu na ina mifereji. Kokwa hizo watu hutengenezea shanga na rozari.

Na angalia mahali ulipo. Mwarobaini ni mti wa joto, baridi ya juu haiuelewi. Mmelia unavumilia chini na juu. Kwa hiyo ukiwa kule juu kabisa kwenye ukungu, ukaonyeshwa "mwarobaini" mkubwa uliostawi, kagua mara mbili.

Kwa nini inaleta shida? Wazee wametumia mwarobaini kwa mambo mengi: majani ya kuchemsha kwa homa, maji ya kuoga kwa upele na tetekuwanga, kijiti cha mswaki, majani makavu ndani ya ghala. Mmelia ni habari nyingine. Matunda yake yana sumu kwa binadamu na mifugo, na nguruwe ndiye anayeathirika upesi zaidi. Ukiwa na banda la nguruwe, usiliweke chini ya mmelia, na usiwamwagie nguruwe matunda yaliyofagiwa uani. Watoto nao wafundishwe mapema, maana yale matunda ya njano yanavutia.

Hata mwarobaini halisi una mipaka. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kusababisha sumu kali kwa watoto wadogo walionyweshwa huko India na Malaysia. Mtoto mchanga na mama mjamzito wasipewe.

Shambani, nguvu ya mwarobaini iko hasa kwenye mbegu, kwenye kiambato kiitwacho azadirachtini. Kipimo kinachotumika sana ni nusu kilo ya mbegu zilizokaushwa kivulini na kutwangwa, kwa lita 10 za maji. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo iliyoyeyushwa, kisha nyunyiza jioni kwa sababu jua linaivunja nguvu haraka. Kipimo hiki ni cha mwarobaini. Mmelia nao una viambato vya kusumbua wadudu, lakini si vile vile, na ni hatari zaidi kwako unayenyunyiza na kwa atakayekula mboga. Mtu akikwambia "mwarobaini niliujaribu, haufanyi kazi", muulize kwanza maua yake yalikuwa ya rangi gani.

2. Mbono na mbono kaburi

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu mimea yote miwili ina sumu kwenye mbegu, lakini mafuta ya mmoja yananywewa kama dawa na ya mwingine hayanywewi kabisa.

Mbono wa kwanza ni ule ambao wengi tunauita mnyonyo au mbarika, Ricinus communis. Huota wenyewe kando ya barabara, kwenye makorongo na majalalani. Jani lake ni kama kiganja kikubwa chenye vidole vingi vilivyochongoka, na kingo zina meno. Tunda lina miiba laini nje. Mbegu inang'aa, ina madoadoa, na ukiitazama vizuri inafanana na kupe aliyeshiba.

Mbono kaburi ni Jatropha curcas. Umepata jina lake kwa kupandwa makaburini, na hupandwa pia kama uzio kwa sababu mbuzi hawaugusi. Jani lake ni pana, lina umbo karibu na moyo, na pembe zake tatu hadi tano si za kina. Tunda halina miiba hata kidogo. Likikauka huwa la kahawia au jeusi, lina vyumba vitatu, na mbegu zake ni nyeusi, hazing'ai. Ukivunja kikonyo unatoka utomvu wa majimaji ambao ukikauka unaacha doa la kahawia kwenye nguo, doa lisilotoka.

Matumizi ya jadi ya mnyonyo yanajulikana: mafuta ya kulainisha choo, majani yaliyopashwa moto ya kufunga kwenye uvimbe, na siku hizi mafuta ya nywele. Mbono kaburi ni zaidi ya nje: utomvu wa kudondoshea kwenye jeraha ili damu ikate, mafuta ya taa na ya sabuni.

Sasa elewa kwa nini mafuta haya mawili hayabadilishani. Sumu ya mnyonyo inaitwa risini. Haiyeyuki kwenye mafuta. Ukikamua mafuta vizuri, inabaki kwenye mashudu. Ndiyo maana mafuta safi ya nyonyo yamekuwa dawa kwa karne nyingi, wakati mashudu yake yanaweza kuua ng'ombe. Mbono kaburi una sumu ya aina nyingine ambayo inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inatoka pamoja nayo. Mtu akisikia tu "mafuta ya mbono yanafungua tumbo" halafu akachukua ya mbono kaburi, amekunywa sumu yenyewe.

Mbegu za mbono kaburi zina ladha ya kukaribia karanga, ndiyo maana watoto huzitafuna wakicheza karibu na uzio. Wakishakula wanaanza kutapika na kuharisha, tumbo linakata. Ikitokea, usimlazimishe mtoto kutapika na usimpe "dawa ya kuzima sumu" ya kusikia kwa jirani. Mpeleke zahanati haraka, na ubebe mbegu zilizobaki au tawi la mti, ili mhudumu ajue anashughulika na nini. Vivyo hivyo kwa mbegu za mnyonyo, ambazo sumu yake ni kali zaidi zikitafunwa.

Kuna na upande wa mfukoni. Katikati ya miaka ya 2000, mbono kaburi ulipigiwa debe sana huku kaskazini kama zao la mafuta ya mitambo. Leo wapo wanunuzi wanaotafuta nyonyo. Wote wanaweza kusema "tunanunua mbono". Sisi Wapare tunasemwa kwamba shilingi hatuitupi ovyo, basi tusiitupe hapa. Kabla hujapanda hata shina moja, mwambie mnunuzi akuonyeshe mbegu anayoitaka, ishike mkononi: ya madoadoa au nyeusi?

3. Shubiri, alovera na mikonge

Siku hizi kila mmea wenye majani manene yenye miiba pembeni unaitwa alovera. Si kweli. Alovera ni aina moja tu kati ya mamia ya shubiri, na si mwenyeji wa huku. Majani yake yanasimama wima, ni ya kijani cha kijivujivu, na maua yake ni ya njano.

Shubiri zetu za porini ni nyingine. Huku tambarare ipo Aloe secundiflora, haina shina, majani mapana ya kijani kizito, meno ya kahawia. Ikitoa maua utaitambua mara moja: maua mekundu au ya waridi yamegeukia upande mmoja wa kijiti, kama watu waliokaa upande mmoja wa basi. Nyingine ni Aloe lateritia, yenye madoa meupe kwenye majani na maua ya rangi ya chungwa au mekundu yaliyokusanyika kama kichwa. Zipo pia zenye shina refu zinazosimama kama mti kwenye miamba.

Jambo la kujua kuhusu shubiri zote ni kwamba zina maji mawili. Chini kidogo ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu sana. Huo ni dawa kali ya kuharisha, na kwa mama mjamzito unaweza kuleta mshituko wa tumbo la uzazi. Katikati ya jani kuna ute mweupe usio na uchungu mwingi. Huo ndio unaopakwa kwenye ngozi. Alovera imependwa kwa sababu ute wake ni mwingi. Shubiri nyingi za porini zina ute kidogo na utomvu wa njano mwingi. Mtu akisoma kichupa cha dukani kimeandikwa "kinywaji cha alovera", akaenda kusaga jani zima la shubiri ya porini na kunywa glasi, atakesha chooni na anaweza kuishiwa maji mwilini.

Ukiungua, kwanza weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ute wa shubiri, ukishautenga na utomvu wa njano, unaweza kufuata kwenye jeraha dogo. Jeraha kubwa, au la mtoto, ni la hospitali.

Wafugaji wa kuku mnaijua shubiri kwa kideri. Mnakata majani, mnaloweka kwenye maji ya kunywa. Shubiri hii ya porini imewahi kujaribiwa na watafiti hapa Afrika Mashariki na ikaonekana kupunguza vifo kiasi. Lakini kupunguza kiasi si kuzuia. Kideri kikiingia bandani hakisubiri. Kinga ya uhakika ni chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, na kurudia kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa bado wazima. Shubiri usiifanye kisingizio cha kutochanja.

Mikonge nayo inaingizwa kwenye kundi hili. Ukivunja jani la mkonge unapata nyuzi, katani. Shubiri haina nyuzi. Mkonge unatoa mlingoti mara moja katika maisha yake kisha unakufa, wakati shubiri inachanua kila mwaka. Maji ya mkonge yanawasha ngozi, usiyapake kwenye kidonda ukidhani ni alovera. Ule mkonge pori wa vichakani, wenye majani magumu ya mabaka, ni mmea mwingine tena. Wazee hupasha jani lake moto na kukamulia sikio linalouma. Mimi nashauri sikio linalotoa usaha lisitiwe kitu chochote mpaka mganga wa zahanati aliangalie, kwa sababu ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka.

Kwa wenye ndoto za biashara: shubiri karibu zote isipokuwa alovera yenyewe zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES. Kusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Ukitaka kuuza, panda alovera.

4. Pakanga na artemisia

Pakanga, ambayo wengine huiita fivi, ni Artemisia afra. Ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika. Ile inayosifiwa kwa malaria ni Artemisia annua, yenye asili ya Asia. Zote ni artemisia, ndugu wa karibu, lakini hazifanyi kazi moja.

Pakanga ni kichaka kinachodumu miaka. Shina lake chini ni gumu kama mti, na majani upande wa chini yana rangi ya fedha au kijivu. Artemisia annua ni ya msimu mmoja: unapanda, inapanda juu kwa shina moja mpaka kumzidi mtu, inachanua, inatoa mbegu, inakufa. Majani yake ni ya kijani kibichi, yamekatika katika kama ya karoti. Zote zinanukia ukizisugua, kwa hiyo harufu pekee haitoshi. Ukiikata mwaka huu ikachipua tena mwakani kwenye kisiki kile kile, hiyo ni pakanga.

Wazee wametumia pakanga kwa kikohozi, mafua, homa na minyoo, na wengine hujifukiza. Lakini artemisinini, ile dawa inayoua vimelea vya malaria na ambayo imo kwenye dawa mseto tunayopewa zahanati, inatoka kwenye Artemisia annua.

Na wala tusione haya kwamba majina yanatuchanganya sisi tu. Wachina wenyewe walipitia hapo. Vitabu vyao vya kale vilitaja dawa ya homa iitwayo qinghao, na jina hilo lilikuwa limeangukia zaidi ya mmea mmoja. Tu Youyou na wenzake walipochunguza katika miaka ya 1970, waligundua kwamba ni Artemisia annua ndiyo yenye kiambato kinachotakiwa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kama angechukua mmea mwingine wenye jina lile lile, asingepata kitu.

Kwetu jina artemisia lilishika kasi mwaka 2020 wakati wa korona, Tanzania ilipotuma ndege kuchukua kinywaji cha mitishamba Madagaska. Tangu hapo ukisema artemisia kila mtu anaitikia. Hata hivyo, hata ukiwa na Artemisia annua halisi, chai ya majani si tiba ya malaria. Kiasi cha dawa ndani ya jani hubadilika shamba kwa shamba, na kunywa kidogo kidogo kunawapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Mtoto akiwa na homa, apimwe. Saa za kusubiri chai ifanye kazi zinaweza kuwa ndizo alizohitaji.

Sasa tufanye nini

Kwanza, usinunue unga au magome yasiyo na sura. Magome yaliyokatwa na unga uliosagwa hayana alama hata moja kati ya zile tano. Mwambie muuzaji, kwa heshima, akuletee tawi lenye jani na ua au tunda. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika. Mganga wa tiba asili muulize kama amesajiliwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza kwa kazi hiyo.

Pili, andika majina yote. Ukiwa na bustani ya dawa nyumbani, weka kibao kwenye kila mmea: jina la Kipare, la Kiswahili, na la kitaalamu. Jina la kitaalamu ni gumu kutamka, lakini ni moja kwa mmea mmoja, Same hata Shanghai.

Tatu, kausha sampuli. Chukua tawi lenye jani na ua au tunda, lipange kati ya kurasa za gazeti, weka mzigo juu, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Andika pembeni tarehe, kijiji, kama ni juu au chini, rangi ya ua, na jina mnalotumia. Ukileta hivyo ofisi ya kata, kazi ya kutambua inakuwa rahisi. Tukishindwa, Arusha kuna hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, pale Ngaramtoni palipojulikana kwa miaka mingi kama TPRI.

Nne, ukienda zahanati sema ulichokunywa. Mhudumu hawezi kukusaidia vizuri akiwa hajui tumbo lina nini.

Tano, vuna kwa akili. Ukizungusha panga na kubandua gome lote la mti, umeua mti. Msitu wa Chome ni hifadhi, hauingii na panga na gunia bila ruhusa. Panda mwenyewe, utajua umepanda nini.

Na kwa vijana: wazee wetu wanaojua dawa hawakukosea kwa sababu ya majina, maana mzee wa aina hiyo hakutajii jina halafu akakuacha uende. Anakushika mkono anakupeleka mpaka kwenye mti, anakugeuzia jani uone chini, anakuambia uchimbe upande gani. Wakati bado wapo, mwombe babu au bibi akupeleke, na uende na gazeti lako la kukaushia.

Ukiwa na mmea unaokuchanganya, lete tawi, usilete jina tu. Kazi njema, na msimu mwema.